Usifungue Mpaka Nije

Al Wakra, Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Mwanangu Rehema,

Nakusalimu. Hali yangu sikuelezi, maana nitasema nzuri kama nilivyosema miaka yote kumi na moja, na leo nataka kuandika barua isiyo na uongo, hata ule wa heshima.

Nyumba iko kimya. Wenyewe wamekwenda shambani kwa ndugu zao Umm Salal tangu asubuhi, hawarudi mpaka magharibi. Mimi nimekaa sakafuni chumbani kwangu huku uani, nimeegemea kitanda, karatasi nimeziweka juu ya sanduku la cherehani. Nikimaliza nitazipiga picha moja moja nikutumie. Usizisome leo. Leo una mizigo ya kufunga na watu wa kuaga, na una Tunu wa kumlaza. Zisome kesho ukiwa hapa.

Nimeandika "hapa" nikacheka peke yangu kama mwehu. Kesho utatoka Tanga kwa basi la alfajiri, jioni utapanda ndege Dar, na ndege hiyo itashuka Doha kabla ya kukupeleka Kuwait kwa hao watu utakaowafanyia kazi za nyumbani. Utakaa uwanjani saa nne. Kutoka uwanjani mpaka kitanda hiki ni dakika ishirini kwa gari, Juma dereva ameupima mwendo wenyewe. Lakini wewe huna viza ya kutoka nje na mimi sina ruhusa ya kuingia ndani. Usidhani sikuuliza. Nilimuuliza madamu, nikamuuliza Juma, Juma akanitafutia kijana wa Kikenya anayefanya kazi hukohuko. Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Pole sana mathe. Hiyo haiwezi. Abiria wa kuunganisha hatoki, na wewe huingii. Hata mimi na baji yangu siwezi kukusaidia." Kwa hiyo tutaonana kwenye simu, vilevile kama ungekuwa Tanga.

Sikuandikii habari za pasipoti, wala laini ya simu, wala namna ya kumjibu madamu wako akikasirika. Mengine umeshaambiwa na wakala, na yaliyobaki utayajua kwa kuumia kama tulivyoyajua sisi. Nataka kuandika juu ya vyerehani. Tangu siku ile ya masanduku hatukuvitaja tena. Tulizungumza unga, dawa za Bibi, homa ya Tunu. Na tangu uliponiambia umetia saini kwa wakala, wiki tatu sasa, hata hayo hatuzungumzi.

Yalianza na Mama Kabira, bibi mzee wa nyumba hii, Mungu amrehemu. Mwaka wangu wa pili hapa alinituma stoo nikatafute sufuria la harisa, Ramadhani ilikuwa inaingia. Chini ya mazulia ya zamani nikakuta cherehani cha mkono, cheusi, kizito kama dhambi, kina michoro ya dhahabu ubavuni. Alipokiona alikaa kitako palepale mlangoni, na magoti yake yale mabovu. Ndicho alichowashonea watoto wake wote saba, akaniambia, enzi ambazo nyumba hii ilikuwa vyumba viwili na maji walikuwa wananunua. "Sasa hata kifungo kikikatika tunampa dereva apeleke dukani," akasema. Alijaribu kuzungusha mpini. Haukuzunguka.

Nikasema mimi nitauzungusha. Nilikuwa sijui lolote, ila babu yako alikuwa fundi baiskeli pale Ngamiani, na tangu mtoto nilijua mafuta ya taa hufanya nini kwenye chuma kilichoganda. Nikamwagia, nikangoja, nikarudi, nikamwagia tena. Siku ya tano ukasogea upana wa kidole. Nilipiga kigelegele stoo peke yangu, madamu akaja mbio akidhani nimeungua.

Halafu nikafanya kosa langu la kwanza. Nilitaka king'ae. Nikachukua stilwaya ya masufuria na sabuni, nikasugua kama nasugua sufuria la pilau. Kiling'aa kweli. Nilipokifuta nikaona upande mmoja wote wa dhahabu umekwenda na maji machafu. Mama Kabira hakunigombeza. Alipitisha kidole pale palipobaki weupe wa chuma akasema, "Hapa palikuwa na ndege wawili." Basi. Hakulisema tena maisha yake yote, na afadhali angenitukana.

Baadaye nilijua kwamba zile dhahabu hufutwa kwa pamba na mafuta ya cherehani tu, taratibu, wala hazitaki sabuni. Nilifundishwa na Chacha. Huyu alikuwa mzee wa Kipakistani mwenye kibanda kule Haraji, soko la vitu vilivyokwisha kutumika. Chacha ni ami kwa lugha yao, na kila mtu pale alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Haraji ndiko yanakoishia makochi na vitanda na majokofu ya watu waliorudi kwao, na vyerehani vilikuwa vinakuja vimechanganyika na vyuma chakavu, vingine havina mpini, vingine vina viota vya mende. Wiki ya kwanza nilikwenda kutafuta bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, kwa ajili ya kile cha Mama Kabira. Wiki ya pili nikarudi nikanunua cha kwangu.

Juma ndiye aliyekuwa akinipeleka Ijumaa zangu za mapumziko. Unamjua Juma, ni yule Mzanzibari niliyekuwa nikikwambia hawezi kunyamaza. "Wallahi Bi Mwanaisha," alikuwa akisema akinisaidia kupakia, "watu wanunua dhahabu wapeleke kwao, wewe wanunua kutu!" Nikamwambia subiri uone. Nilikuwa nimeshapiga picha yote kichwani. Vyerehani sita, chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Pongwe, wewe umekaa katikati na wasichana watano wa kuwafundisha, mimi nimekaa mlangoni nakata vitambaa na kusengenya wateja. Kiwanja kilikuwa kimeshanunuliwa. Msingi ulikuwa umeshachimbwa. Nikaona chuma hiki cha kizee hakihitaji umeme, na umeme wa kwetu unaujua. Kilikuwa na mantiki, Rehema. Sikuwa mjinga moja kwa moja.

Chacha alinifundisha kuchagua. Usitazame rangi, alisema, tazama kama kuna mtu aliyewahi kukilazimisha. Skrubu iliyolika kichwa ina maana mtu mwenye hasira amepita hapo. Alinifundisha kutumia jua. Unakipaka mafuta mepesi kila kiungo, unakipandisha darini, juu ya paa la nyumba, unakifunika kitambaa cheusi, unakiacha kutwa nzima. Jua hili la Julai linalowaangusha vijana kwenye majengo ya Lusail, kwa cherehani lilikuwa dawa. Mafuta ya zamani yaliyokuwa yameganda kama gundi yanalainika, jioni unapandisha mswaki na kitambaa unayatoa. Kisha unajaribu mpini. Ukikataa, hulazimishi. Unarudia Ijumaa nyingine. Kimoja kilinichukua Ijumaa tisa.

Na kila nilipomaliza kimoja, Chacha aliniambia maneno yaleyale kwa Kiarabu chake kibovu, na mimi changu kilikuwa kibovu vilevile, ndiyo maana tulielewana. "Makina mawt min nom, mafi min shughul." Mashine hufa kwa kulala, haifi kwa kazi. Kipake mafuta mazito kabla ya kukisafirisha, alisema, kivishe kitambaa cha pamba kipumue, na huko kwenu waambie wakizungushe kila wiki, hata kama hawashoni kitu. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa naitikia kama watoto wanavyomwitikia mwalimu kengele ikishalia.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kukwambia. Nilikuwa na furaha darini kule. Wiki nzima nilikuwa mikono ya watu, lakini Ijumaa mikono ilikuwa yangu. Na cherehani hakikuulizi utarudi lini. Hakikwambii kimefeli hesabu au kimeota uko mlangoni. Kikikwama, unajua mafuta utie wapi. Nilipokuwa nikikupigia simu wewe ukalia, sikujua nitie mafuta wapi, nikawa nafanya haraka kukata. Nilisema salio limekwisha. Mara nyingi salio lilikuwepo.

Ile Ijumaa uliyopiga ukaniambia, "Mama, nina neno," nilikuwa nimeshika skrubu ndogo ya kikaza uzi, ambayo ikidondoka darini huioni tena. Nikakwambia subiri kidogo, nikaiweka simu chini juu ya ndoo. Nilipokumbuka ilikuwa isha imeshasaliwa. Neno lenyewe lilikuwa Tunu. Ulikuwa na miaka kumi na minane, na baba yake ameshakimbilia Mwanza, na wewe ulingoja kwenye simu ukisikiliza nyundo, halafu ukaenda ukamwambia Bibi. Bibi ndiye aliyeniambia siku ya nne yake. Wewe hukunilaumu. Ulisema tu, "Nilijua uko kazini." Nimeibeba hiyo "kazini" muda wote huu, na leo naitua hapa. Haikuwa kazi.

Nirudi kwenye masanduku. Watu wa kago walisema bahari ina unyevu, na mimi nilitaka vifike kama vimetoka dukani. Kitambaa cha pamba cha Chacha nikakiona cha kimaskini. Nikanunua nailoni, ile ya kuzungushia masanduku ya wasafiri, nikavizungushia mara nne, mara tano, nikabana na gundi mpaka hata pumzi haipiti. Nilifanya hivyo Agosti, darini, jasho linanitiririka mpaka kwenye chuma, hewa yenyewe unaweza kuikamua kama nguo. Unyevu niliokuwa nauogopa baharini niliufunga ndani kwa mikono yangu. Juu ya kila sanduku nikaandika kwa kalamu nene: USIFUNGUE MPAKA NIJE. MAMA.

Vilifika vitano kwa miaka miwili. Mnajua mlivyovipokea. Bibi alivipanga chumbani kwako ukutani, kwa sababu ndicho chumba kisichovuja, akavitandikia shuka. Wageni walioneshwa. "Vya Mwanaisha hivyo, kutoka Katari, vya nyumba mpya." Kila mwenye ndugu Uarabuni ana chumba kama hicho. Kwa jirani yetu Mama Zaituni kuna jokofu limesimama miaka na plastiki yake, na watoto wanakunywa maji ya mtungi. Tunavileta, tunavifungia, tunangoja nyumba iishe. Tukija likizo tunavifuta vumbi. Mimi likizo zote mbili nilivifuta vumbi, Rehema. Mara ya pili niliona gundi imeachia pembeni nikaongeza nyingine.

Na wewe ulikuwa umeshajifunza kushona. Kwa nani? Kwa Bi Hadija, barazani kwake, kwenye cherehani cha kukodi. Siku akikihitaji mwenyewe unarudi nyumbani mikono mitupu, unalala chumba kimoja na vyerehani vitano. Mara moja uliniomba ufungue kimoja tu. Nilikujibu nini? Nilikujibu akiba haiozi, mwanangu. Nilijisikia mama mwenye busara kweli siku hiyo.

Mwaka huu Bi Hadija alipouza cherehani chake ndipo nikakubali. Ilikuwa Shaabani, kazi za sikukuu zimeanza kuingia, umeshapokea vitambaa vya watu, magauni ya watoto, na sare moja ya harusi ya kina dada wanane. Ukanipigia kwa video ili na mimi nione. Tunu alikuwa anashangilia kila nailoni inapochanika. Nilikuwa nimejifungia humu chumbani nimevaa gauni zuri, kana kwamba ni mimi ninayezinduliwa.

Nakumbuka ulivyoshika mpini wa kwanza. "Mama, hakizunguki." Nikasema jaribu cha pili. Ukajaribu cha pili. Kutu ilikuwa imetoka kwenye viungo ikakauka, rangi ya udongo wa Lushoto, na yale mafuta yangu mepesi, maana mazito sikuyapaka, yamegeuka ulimbo. Cha tatu. Cha nne. Nikaanza kukuelekeza kwa kelele, tia mafuta ya taa, kiweke juani, ngoja siku tano, usilazimishe. Ukanitazama kwenye simu ukasema, "Mama, dada wa harusi anakuja keshokutwa." Halafu ukachukua bomba la chuma la jirani ukalivisha kwenye mpini wa cha tano, na mimi nikawa napiga kelele usilazimishe, usilazimishe, na jino la ndani likavunjika, nikalisikia mpaka huku.

Hukulia. Ulikunja vitambaa vya watu kimoja kimoja ukavirudisha. Wengine walikuwa na maneno. Jioni ulivirudisha vyerehani kwenye masanduku ukaviziba na gundi ileile, na sijui kwa nini hilo la kuziba liliniuma kuliko vyote.

Uliponiambia juu ya Kuwait, nilikutukana. Nilisema nimeuza miaka yangu ili wewe usije huku, na sasa unakuja kwa miguu yako, unamwacha mtoto wa miaka mitatu, huna haya? Ukaningoja nimalize. Ukasema, "Mama, nimelala na masanduku yako miaka sita. Nimechoka kulala na masanduku." Kisha ukakata simu, na nadhani salio lilikuwepo.

Nilitafuta jibu wiki tatu hizi. Nimelitafuta nikikaanga, nikipiga pasi, nikiwaogesha watoto wa madamu. Ningekwambia usiende, kesho utakula nini? Ningekwambia nenda, itakuwa kheri, ningekuwa nakuzungushia nailoni. Msingi wa Pongwe umeota majani, magoti yangu yameanza kuwa kama ya Mama Kabira, na madamu ameshaanza kuniuliza kama huko kwetu kuna wasichana wa kushika nafasi yangu. Nimefika mahali sioni mbele, mwanangu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ana miaka mitatu, anaitwa Tunu, na kesho asubuhi ataamka akutafute.

Ulipoondokewa na mimi ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikwambia miaka miwili tu. Nasikia na wewe umemwambia Tunu miaka miwili tu. Sikulaumu, mtu hawezi kutoka mlangoni na neno jingine. Lakini nakusihi usimwekee kitu. Kila ukijaliwa gauni, mpe alivae, likichafuka lichafuke. Ukiwa na neno la mapenzi usilifunge mpaka urudi. Mimi nilidhani nakuhifadhia umama wangu, uje uukute mpya. Nimekuja kuukuta umeganda, siku ileile uliyofungua masanduku.

Sasa hili sanduku ninaloandikia. Ndani yake kuna kile cha Mama Kabira, chenye ubavu mmoja mtupu. Mwaka wake wa mwisho macho yalikuwa yamekwisha, hakuweza kutunga uzi hata kwa kubahatisha. Lakini kila alasiri alikuwa akiniita, "Aisha, niletee makina." Namwekea mapajani, anazungusha mpini bila uzi, bila kitambaa, ameinamisha kichwa anasikiliza. Mimi nilikuwa nadhani ni utoto wa uzeeni, nikawa natazama saa nikitaka kwenda kupika. Alipofariki wanawe walinipa mimi, hakuna aliyekitaka. Nimeendelea kukizungusha siku za Ijumaa, kwa mazoea tu. Na katika vyote nilivyonunua, nilivyosugua, nilivyovipandisha darini, hiki peke yake ndicho kizima.

Juma anakwenda likizo wiki ijayo, amekubali kukifikisha mpaka Tanga. Amekibeba akakishusha akasema, "Bi Mwanaisha, huyu mtoto wako ana uzito!" Kisha akaona nilivyo akanyamaza, na ni mara ya kwanza nimemwona Juma ananyamaza. Safari hii nimekipaka mafuta mazito kama alivyotaka Chacha, ambaye mwenyewe alisharudi kwao na sina habari zake. Nimekivisha shuka la pamba. Juu ya sanduku nimeandika FUNGUENI LEO.

Ila nyumbani hakuna wa kushona nacho. Bibi haoni tundu la sindano, wewe unaondoka, na mimi sipo. Kimekuja wakati hakina mtu. Nimelifikiria hilo nikataka kukiacha hapahapa, halafu nikamkumbuka Mama Kabira na alasiri zake. Nimeichomoa sindano isije ikamchoma mtoto. Nimezungumza na Bibi, amekubali kukiweka chini ukumbini, na kila alasiri Tunu azungushe mpini mara ishirini, bila uzi, bila kitambaa, kisilale tu. Mtoto ataona ni mchezo.

Sikuahidi kwamba utakikuta kizima. Wala sijui utarudi lini, maana mimi niliyesema miwili nipo hapa. Kesho ukishuka nipigie, nitakuwa nimemaliza vyombo. Tusiulizane hali. Tukae tu kwenye simu hizo saa nne, ukitaka kulia ulie, salio lipo.

Na ukishafika huko, ukipewa simu siku ya Ijumaa, usimuulize Tunu kama amekula. Bibi hajawahi kumlaza mtoto njaa, na swali hilo nilikuuliza miaka kumi na moja mpaka likaisha ladha. Muulize kama amezungusha. Akisema ndiyo, mwambie aisogeze simu karibu na cherehani, azungushe tena, na wewe nyamaza usikilize.

Mama yako,
Mwanaisha